Mpekuzi Juu ya Kaburi la Babu

Nikiwa mtoto wa darasa la tatu kule Kimwani, nilifundishwa kumwogopa ndege mmoja kuliko nyoka. Vitabuni anaitwa mkesha. Sisi tulimwita mpekuzi. Kifua chake kina rangi ya chungwa, na aliishi kwenye kipande cha msitu mlimani, juu ya kibanja chetu, akipekua majani makavu kutafuta wadudu. Huko hakuwa na neno. Ila akitoka msituni akapekua juu ya kaburi, tuliambiwa, anamwita mwingine wa nyumba hiyo. Na sisi wafu wetu tunawazika kibanjani, kati ya migomba.

Mwaka huo msitu ulikatwa kwa mkaa hadi kikabaki kipande cha ukubwa wa uwanja wa mpira. Mama alikuwa mjamzito, miguu imevimba, hali si nzuri. Asubuhi moja tukiwa mlangoni tukamwona mpekuzi juu ya kaburi la babu, anarusha nyasi huku na huku kama mwenye shamba.

"Maawe!" Mama akashika tumbo. "Kaja kunichukua mimi."

Bibi, mama yake baba, akatoka jikoni. Nilidhani atamrushia kijinga cha moto. Alimtazama tu, kisha akatazama mlimani.

"Mwacheni. Huyo hatoki kwake bure. Kwake kumeharibika."

Hakuna aliyemsikiliza. Baba alikuwa mzee wa kanisa na kila Jumapili alizikemea imani za namna hiyo, lakini kwa mke wake hakutaka kubahatisha. Jumatatu aliwaita ndugu zake wakafyeka msitu uliobaki, ili mpekuzi akose pa kulala. Simlaumu. Hata mimi nilimwomba Mungu ndege yule afe, maana nilimtaka mama yangu.

Mama alijifungua salama. Baba aliamini hadi mwisho wake kwamba panga ndilo lililomwokoa. Mpekuzi hatukumwona tena.

Siku hizi naishi mjini, Hamugembe. Juzi nilimuuliza jirani yangu, bwana misitu, kama ndege huyo yuko hatarini kutoweka. Akasema hapana, hajafikia huko. Kwenye misitu mikubwa bado yupo.

"Ila kwenye vimsitu kama vyenu, dada, akishaondoka ni vigumu arudi. Hapendi kuvuka mahali peupe."

Jibu hilo liliniudhi sana. Yaani yupo, ila si kwetu.

Nilipokwenda Kimwani nilimkuta mama mlangoni, mzee sasa, anayatazama makaburi: la babu, la bibi, la baba. Nikamweleza maneno ya jirani. Akacheka kidogo.

"Zamani nilimwogopa, mwanangu. Sasa nakaa hapa namsubiri. Asipokuja yeye, nani ataniambia kwamba saa yangu imefika?"

Nilijikuta namtafuta yule ndege kati ya migomba, nikitamani kusikia nyasi zikipekuliwa. Kisha nikakumbuka angekuja kumfuata nani, nikaogopa upya, nikamshika mama mkono.