Sista Geuza na Kikao cha Mafundi Magodoro

Wifi yangu ni muuguzi, na hospitalini wanamwita Sista Geuza. Mwanzoni jina hilo lilimuudhi, siku hizi analiitikia hata sokoni. Ukienda wodini kwake kumwona mgonjwa, usidhani utakaa kwenye kiti umekunja mikono, unamtazama mtu wako kama unatazama televisheni. Atakusimamisha, akuambie nawa mikono, njoo umgeuze. Diwani ameshageuza. Mhubiri ameshageuza. Hawara wa mgonjwa mmoja naye aligeuza, tena kwa ustadi kumshinda mke.

Anafanya hivyo kwa sababu ya vidonda. Mtu aliyepooza au aliyevunjika nyonga akilala upande mmoja kutwa, damu haipiti vizuri kwenye visigino na makalio, ngozi inachubuka, mwisho inaoza. Amekuja kutibiwa mguu, anaondoka na shimo mgongoni. Wifi yangu jambo hilo limemkaa rohoni. Hata nyumbani, ukisinzia kwenye kochi lake anakuja kukugeuza. Kaka yangu, fundi baiskeli, anasema tangu amuoe hajawahi kuamka akiwa upande ule aliolalia.

Basi akaingiwa na swali. Wauguzi ni wachache, vitanda ni vingi, na ndugu wa wagonjwa wamejaa wodini wanachezea simu. Je, ndugu hao wakifundishwa kugeuza kwa ratiba, vidonda vitapungua kweli? Mwenyewe aliamini vitapungua, lakini alisema kuamini ni kitu kimoja na kujua ni kingine, na hospitali haiwezi kubadilisha utaratibu kwa imani ya mke wa fundi baiskeli. Akaandika mpango wa utafiti. Wodi mbili, zote ziwekewe magodoro mapya ya aina moja. Wodi moja ndugu wafundishwe kugeuza, nyingine mambo yaende kama kawaida. Kisha watazame vidonda vimepungua wapi. Kamati ya hospitali ikaukubali, halafu ikasema kwa upole kwamba fungu halipo. Atafute taasisi ya kushirikiana naye kabla ya mwaka wa bajeti kwisha, la sivyo mpango urudi kabatini.

Akazunguka. Benki ilimkaribisha chai, ikataka picha yake amekumbatia mtoto mgonjwa. Akawaambia wagonjwa wake ni wazee na hawapendi kukumbatiwa. Shirika moja lilimuuliza profesa wake ni nani. Kampuni ya dawa haikujibu kabisa, maana kumgeuza mtu hakutiwi kwenye chupa na kuuzwa. Siku hizo alikuwa akija kwenye karakana yetu ya magodoro jioni, anakaa juu ya godoro lililo karibu na cherehani yangu, kimya. Nikajua mambo yameharibika, kwa kuwa yule mwanamke kunyamaza si desturi yake.

"Wifi," nikamwambia, "unazunguka mji mzima kutafuta wa kukushika mkono, na umemkalia."

Mimi hushona makava katika ushirika wa mafundi magodoro. Tuna mfuko wa maendeleo ambao mpaka siku ile kazi yake kubwa ilikuwa kugombaniwa. Nikamwombea nafasi kwenye kikao.

Mwenyekiti wetu tunamwita Bwana Sponji, ingawa mwenyewe ni mgumu kama ubao. Alimsikiliza wifi yangu vizuri, akatikisa kichwa pale penye kutikisa, akasema ushirika uko tayari kutoa magodoro na kuwalipa wasaidizi wa utafiti. Sharti moja tu: ripoti iandike kwamba godoro letu linazuia vidonda.

Wifi akasema ripoti itaandika kitakachoonekana. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akanikanyaga na yeye.

Bwana Sponji akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayemfundisha mtoto. Akasema kwa heshima zote, mtu aliyelalia godoro lake hana haja ya kugeuzwa na mtu yeyote.

"Basi lilalie, mzee wangu," wifi akasema. "Chali, mpaka kikao kiishe. Usijigeuze, usijikune, usinyanyue hata kisigino. Jihesabu umepooza."

Mafundi wakapiga meza kwa furaha. Mzee angekataa angeliaibisha godoro lake mwenyewe, kwa hiyo akavua viatu, akalala, akaendesha kikao akiwa anatazama dari. Tukajadili bei ya sponji. Tukajadili nani anaacha mlango wa ghala wazi, na kila mtu akamtaja mwingine. Mwanzoni Bwana Sponji alikuwa anatukatiza kama kawaida yake. Baadaye akapunguza maneno. Tulipofika kwenye mengineyo alikuwa ameacha kabisa kuongea, jasho limemtoka puani, na mafundi wakaanza kumchokoza kwamba wana mengineyo mengi sana leo.

"Nigeuzeni," akasema, taratibu.

Wakacheka, lakini wifi hakucheka. Akaniita nimsaidie. Akamkunja goti moja, akanionyesha niweke mkono begani na mwingine kwenye nyonga, nimvute kuja kwangu polepole. Mzee akageuka ubavu. Akashusha pumzi ndefu, na hakuinuka.

"Mama watoto wangu alilala hivi miezi mingi," akasema, uso wake ukiwa ukutani. "Nilikuwa namwogopa. Nilidhani nikimgusa namuumiza."

Wifi akakaa ukingoni mwa godoro, akamwambia karibu ndugu wote wanadhani hivyo, na kwamba ndiyo sababu anataka kufundisha. Hakumwambia zaidi ya hapo. Bwana Sponji akakaa, akavaa viatu, akamwagiza katibu afute lile sharti.

Utafiti ukafanyika. Bwana Sponji mwenyewe alikuwa akipita wodini kukagua magodoro, na bila shaka alisimamishwa akanawa mikono. Majibu yalipotoka, wodi yenye magodoro peke yake vidonda vilikuwa vimepungua kidogo. Wodi ya ndugu waliofundishwa, ilibidi uvitafute. Wifi akaandika hivyo hivyo, na hospitali ikaanza kufundisha ndugu katika wodi zote. Mwenyekiti wetu alinuna siku kadhaa. Kisha akaja kwenye cherehani yangu na kitambaa cheupe, akataka kila kava lishonewe kibandiko: Godoro ni letu, kugeuza ni kwako.

Nashona vibandiko hivyo mpaka leo. Wifi alipokiona cha kwanza alikitazama muda mrefu, akajifuta macho, halafu akalalamika kwamba herufi ni ndogo, wazee hawataziona. Nikamwambia atafute taasisi ya kugharamia uzi.