Sifa za Watu Wasiolala Hapa

Mzee hakujua kusoma, ila mashuka aliyajua.

Nyumba yao ya wageni ilikuwa na vyumba sita, juu ya duka la viatu. Mkewe alipokea watu, akaandika, akazungumza. Yeye alifua. Miaka ishirini na sita kazi zao hazikugongana. Mgeni akiondoka, shuka lilitoka kitandani, likaingia kwenye beseni, likapanda juu ya paa kukauka. Kwa hiyo mzee alijua nani kalala na nani kakesha, nani kala biskuti kitandani, nani kalia.

"Wewe unasoma kuliko mimi," mkewe alikuwa akimtania.

Kisha mkewe akafariki. Aliumwa siku tisa, ya kumi hakuamka. Nguo zake zilibaki kabatini, na mzee hakuligusa hilo kabati.

Ndipo binti yao alipohamia na mumewe, mkwe wa mzee, aliyekuja na simu zake mbili. Alikuwa mtu wa matangazo, amezoea kutangaza mahoteli makubwa, na mzee alimwita Bwana Picha. Aliinama, akapanda juu ya kiti, akalala chali sakafuni, yote kwa ajili ya picha. Chumba namba mbili, ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda, kilitoka kwenye simu kama ukumbi wa harusi. Bakuli moja la matunda lilizunguka vyumba vyote sita, kisha Bwana Picha akala ndizi.

"Huo si uongo?" mzee aliuliza.

"Ni pembe nzuri ya kamera tu, baba."

Mzee alimwona mkwe mara mbili akisimama koridoni, anapima kuta kwa macho. Mtu hapimi ukuta wa mwenzake bure. Alianza kulala na funguo zote chini ya mto.

Mwezi wa tatu tangu wahamie, Bwana Picha akaingia jikoni uso umemchangamka.

"Baba! Watu arobaini wametusifu mtandaoni mwezi huu. Nyota tano tupu!"

Mzee aliweka kikombe chini.

"Arobaini waliolala?"

"Ndiyo, baba."

"Mwezi huu?"

"Mwezi huuhuu."

Mzee alipanda juu ya paa, akasimama chini ya kamba zake. Mwezi ule alikuwa amefua mashuka ya wageni kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa mtoto mchanga, ambaye hawezi kusifu chochote. Watu thelathini walikuwa wamelala wapi? Hewani?

Akaanza kumchunga mkwe wake. Akisikia simu inalia, anapunguza mwendo. Akimkuta anaandika, anajifanya anatafuta kibanio cha nguo. Aliwahi kutafuta kibanio hicho mara nne kwa asubuhi moja.

"Baba, vibanio viko juu ya paa," Bwana Picha alisema.

"Najua viliko."

Alhamisi akaja mama mmoja mwenye sanduku dogo, mkunga mstaafu aliyekuwa njiani kwenda kumwona mjukuu. Alipofika mezani pa mapokezi hakuuliza chumba. Alichungulia nyuma ya mzee.

"Mama yuko wapi?"

"Mama gani?"

"Mwenye nyumba. Nimemfuata yeye. Nimechoka na mahoteli ambayo hakuna anayekuuliza umeamkaje." Akatoa simu, akasoma: "'Nilishikwa na homa, Mama akaniwekea chupa ya maji ya moto miguuni, akakaa nami mpaka nikapata usingizi.' Imeandikwa wiki mbili zilizopita."

Mzee alishika ukingo wa meza.

"Mke wangu ana miezi minane kaburini," alisema.

Mkunga alimtazama. Halafu akaitazama simu. Halafu akavuta sanduku lake karibu na mguu.

"Sasa mnaniita kwa jina la marehemu?"

Ndani ya nyumba yake mwenyewe mzee alikuwa anatazamwa kama tapeli. Alimpa ufunguo wa chumba namba nne, na mkunga aliupokea kwa vidole viwili tu. Basi la kumpeleka mbele lilikuwa la kesho yake. Vinginevyo angegeuka palepale.

Mzee alimkuta mkwe jikoni.

"Umemfufua mke wangu ili umuuze."

"Baba?"

"Usiniite baba. Chupa ya maji ya moto. Nani kaandika?"

"Si mimi! Mimi napiga picha tu. Sifa anaweka..." Bwana Picha akajiuma ulimi.

"Anaweka nani?"

Bwana Picha akatazama sinki.

Papo hapo mzee akakumbuka. Chupa ya maji ya moto. Kulikuwa na dereva wa lori, chumba namba nne, mwaka ule paa lilipovuja. Homa ilimtoa jasho hata shuka likawa zito kama limetoka mtoni. Mzee alilikamua mwenyewe, mara mbili. Yule mtu alilala kweli, na Mama alikaa naye kweli. Tarehe tu ndiyo ilikuwa ya kubuni. Na maneno ya dereva yalikuwa mahali pamoja tu duniani: kwenye daftari la wageni la mkewe, lililokuwa kabatini, chini ya kanga zake.

Alikwenda chumbani. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alifungua kabati. Harufu ya mkewe ikamtokea mbele kama mtu. Alisubiri ipite. Akainua kanga moja moja.

Daftari halikuwepo.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, amelikumbatia kifuani.

"Ni wewe," mzee alisema.

"Niliyanakili tu, baba. Maneno ni yao. Sikuongeza hata nukta."

"Na siku?"

"Ukiweka sifa ya miaka kumi iliyopita hakuna anayesoma. Watu wanataka ya juzi. Vyumba vilikuwa vitupu, baba. Nyumba ingefungwa, na kazi ya mama ingekwisha."

"Yule mama pale nje amemuulizia mama yako. Nimemzika mara ya pili, mapokezi, mbele ya mgeni."

Binti akaanza kulia. Mzee alimwacha alie kidogo.

"Toa siku za uongo," alisema. "Weka za kweli. Na andika kwamba Mama amefariki."

Bwana Picha, aliyekuwa amefuata nyuma, hakuweza kujizuia. "Baba, hilo si tangazo, ni tanzia! Hakuna atakayekuja."

"Wasije."

Usiku ule hawakuandika chochote. Kesho yake asubuhi mzee alimkuta mkunga kwenye ngazi, sanduku mkononi.

"Umeamkaje, mama?" aliuliza.

Mkunga alisita. "Nimeamka," alisema. Akashuka bila kugeuka.

Binti akabadilisha siku zote, moja moja, huku mzee amekaa pembeni akimsomea kutoka kwenye kumbukumbu zake: "Huyo wa biskuti, mwaka wa paa kuvuja. Huyo bibi harusi, kabla ya hapo." Wiki hiyo kamba zilibaki na shuka moja. Wiki iliyofuata, matatu. Bwana Picha alitembea akihema kama mtu aliyefiwa na hoteli.

Siku moja akasimama chini ya ngazi ya paa.

"Baba, kuna sifa mpya. Ya jana!"

"Umeandika wewe."

"Siyo!"

"Basi mkeo."

"Baba, nakuapia."

"Soma."

Bwana Picha akasoma: "'Mama wa nyumba hii amefariki, na sasa wanasema wazi. Nilifika nikiwa na hasira. Mzee aliyebaki anakutazama kama umekuja kuiba taulo. Lakini aliniuliza nimeamkaje. Naomba radhi, nilimwaga chai kitandani nikaificha kwa mto.'"

Mzee alishuka ngazi bila haraka. Akafungua kabati la mashuka, akatoa la chumba namba nne, akalikunjua mpaka upande wa kichwani. Doa lilikuwa pale, la rangi ya hudhurungi, pana kama kiganja. Alikuwa amelifua mara tatu, halikutoka.

Akalinusa, asije akadanganywa.

"Huyu alilala," alisema.