Bomba Litafungwa

Profesa Watiri alifundisha masomo ya amani mpaka wanafunzi wake wa kwanza wakawa na mvi. Aliitwa ng'ambo mara chungu nzima kuketi kati ya watu waliokuwa wakipigana risasi, na huko alisifika kwa kuchambua kila neno la mkataba kama karanga. Kwao, nje kidogo ya Nanyuki, hayo hayakumbabaisha mtu. Walichojua ni kwamba kakake, Kingori, anakaa upande wa juu wa mto, penye maji.

Watu wa chini walikuwa na kibomba kimoja chembamba, na kiangazi kilipokaza, mapanga yakatoka. Mtu mmoja alishonwa kichwa. Ndipo Watiri alipoombwa asuluhishe. Alizunguka nyumba za watu wa juu akinywa chai hadi tumbo likalalamika, mpaka wakakubali kugawa maji kwa bomba kubwa. Watu wa chini wakaitwa uwanja wa kanisa kusikia jibu.

Watiri akasimama, furaha imemjaa. "Wamekubali! Jumamosi bomba la watu wa chini litafungwa!"

Dishon, polisi mstaafu aliyekuwa msemaji wa watu wa chini, akaruka. "Ati lifungwe? Na sisi tukunywe nini? Si nilisema huyu ni wa Kingori!"

Vijana wakainuka na fimbo. Watiri hakuelewa amekosa nini, mpaka neno lake mwenyewe lilipomrudia masikioni. Maskini profesa! Majenerali hawakumtoa jasho, neno moja tu, kufunga, ndilo likamtoa.

"Kufunga vile fundi anafunga tangi!" akapaza sauti. "Kuweka! Bomba jipya, kubwa, linawekwa! Hakuna maji yanazimwa!"

Dishon akauliza, "Kuweka?"

"Kuweka, Dishon."

Mama mmoja akaangua kicheko, uwanja mzima ukamfuata. Fimbo zikashuka. Watiri aliketi, akafuta machozi bila aibu. Alishukuru Mungu kwa sauti.

Alipoinua macho, Kingori, aliyekuja kwa niaba ya watu wa juu, na Dishon walikuwa wamesimama pua kwa pua.

"Fundi wa bomba atakula kwangu," Kingori alisema.

"Kwako kwa nini? Maji ni yetu, chakula ni yetu!"

Wakaendelea kubishana, sauti juu. Watu wakamgeukia profesa awaamue. Watiri akaagiza chai, akawaacha wagombane.