Brauza Iliyofutwa Kaloleni

Asubuhi hii mteja wa kwanza ameshika tama mbele ya kompyuta. Ukurasa alioufungua umeonyesha nusu ya picha, kisha ukagoma.

"Vumilia kidogo, kaka. Laini leo nzito," Pudensiana Mallya anamwambia. Kisha anamgeukia mwandishi na kushusha sauti: "Siyo laini peke yake. Ni sisi."

Pudensiana ni mhudumu wa kafe ya intaneti mtaani Kaloleni, Arusha. Ni mwaka 2003, na biashara hii inachipuka kila kona. Hapa kompyuta sita zinagawana laini moja ya simu, na mteja analipia kila dakika, ukurasa ufunguke usifunguke.

Mwaka jana fundi mmoja alimwonyesha Pudensiana brauza nyepesi, programu ya kufungulia kurasa ambayo mtu anaweza kuizuia isilete picha. Maandishi yalitokea upesi. Akaiweka kwenye kompyuta zote.

"Watu walisoma barua zao wakaondoka wanacheka," anasema.

Miongoni mwao alikuwa Salwa, binti wa jirani, aliyekuwa akiomba nafasi ya kusomea uuguzi nje ya nchi. Kwa brauza hiyo alisoma jibu: amekubaliwa, ila athibitishe kwenye tovuti ya chuo kabla ya kesho yake jioni. Alimkumbatia Pudensiana, akakimbia kumwambia mama yake.

Jioni hiyo Dismasi, mwenye kafe, alihesabu mapato, akaona dakika za wateja zimepungua, akakunja uso.

"Nani kakutuma kunifukuzia dakika?" alifoka. "Hiyo kitu ifutwe. Na atakayegusa mipangilio tena, akatafute kazi kwingine."

Pudensiana, mjane mwenye watoto wawili wanaosoma, aliifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake Salwa alirudi. "Dada, niwekee ile ya jana." Dismasi alikuwa amekaa kaunta.

"Haipo, mdogo wangu," Pudensiana alijibu.

Salwa alijaribu kwa brauza iliyobaki. Ukurasa ulipakia picha za majengo ya chuo, moja baada ya nyingine, na kukatika kabla ya kufika kwenye kitufe cha kuthibitisha. Alirudia mpaka hela ikamwishia. Pudensiana alimwongezea za kwake. Jioni ikaingia, na nafasi ikaenda kwa mwingine.

Sasa Salwa anauza mitumba. Akipita mbele ya kafe, hatazami ndani.

"Angenitukana ningepumua," Pudensiana anasema. "Na mimi bado nakula mshahara wa hapa."

Anaweka akiba anunue kompyuta moja iliyotumika, afungue chumba chake cha intaneti Moshono, pembezoni mwa mji, laini ya simu ikifika huko.

"Mtu ataingia, asome, aende zake. Sitamwekea picha asiyoitaka."

Je, atamwalika Salwa?

Pudensiana anaangalia saa ya kaunta.

"Nimwalike kwa uso gani?" anasema, kisha anainuka kwenda kumdai mteja dakika zake.