Sauti ya Steringi

Mume wangu hakuwahi kuniambia kwamba ananipenda. Wanaume wa kwetu milimani, ukimaliza kupalilia watakuambia umepalilia vizuri, basi, hapo umeshapendwa. Lakini jioni, katika banda la video pale Karatu mjini, alikuwa akishika kipaza sauti na kutafsiri muvi, na mwigizaji mmoja wa Marekani akayasema yote.

Mwigizaji huyo tulimjua tangu akiwa kijana, polisi wa kurukaruka juu ya mapaa. Baadaye akawa daktari katika tamthilia ndefu, kisha baba mkali mwenye mvi za kwanza. Kazi zake zilibadilika, sauti haikubadilika: ilikuwa ya mume wangu, na lafudhi yake ya Kiiraqw isiyofichika. Kiingereza alikiokota kwa kubeba mizigo ya watalii, na pale kilipoishia alijaza mwenyewe. Polisi wa Marekani alimtishia jambazi, "Nitakupeleka Mang'ola ukang'oe vitunguu mpaka ukome!" Watu walipiga makofi. Daktari naye, akimshika mkono mgonjwa wake, alisema, "Mama watoto, siku usipokuwepo hata chai ya maziwa naiona maji matupu." Yule mgonjwa hakuwa na mtoto hata wa kusingiziwa. Banda zima liligeuka kunitazama. Nilijifunika khanga usoni, nikijidai nimekasirika.

Nyumbani nilimuuliza, "Hivi yule Mzungu alisema vile kweli?"

"Mimi natafsiri tu," alijibu, akaomba chumvi.

Steringi hafi, ndivyo tulivyozoea kusema. Na kweli, yule hakufa. Aliyekufa ni mtafsiri wake, kwa homa ya mapafu, na hakuna aliyekuwa amewahi kumrekodi. Banda likageuzwa duka la simu. Mimi nikapata kazi ya kuhudumia mezani katika loji moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kila yule mwigizaji alipotokea kwenye televisheni ya wafanyakazi, sasa akiigiza babu, nilichukua rimoti nikazima sauti. Wenzangu walinuna. Wanune. Sauti yake niliyoitaka nilikuwa nayo kichwani, ingawa kila mwaka ilizidi kufifia, na hilo lilinitia hofu kuliko kitu chochote.

Halafu mwaka jana akaja mwigizaji mwenyewe, asubuhi moja ukungu umeziba kreta yote. Nilimtambua kwa kile kishimo cha kidevuni tulichokizoea kwenye muvi. Nilimmiminia chai ya maziwa, kisha nikabaki nimesimama na birika langu, nikingoja afungue mdomo. Mjinga mimi, na umri wote huu: moyoni nilikuwa namngoja mume wangu.

Akasema kitu. Sauti ilikuwa nyembamba, kavu, ya mzee nisiyemjua kabisa.

Dereva wake akanigeukia. "Mama, anasema chai yako ni tamu sana. Na anauliza, mbona unalia?"

"Mwambie ni moshi wa kuni."

Akaambiwa. Akanishika mkono, vilevile alivyomshika yule mgonjwa, akatabasamu. Nilitamani kumwomba ayarudie yale maneno, mara moja tu, hata kwa sauti yake hiyo. Lakini yeye hakuwahi kuyasema.