Nilimwandika Zainabu kuwa Grace

Kosa ni langu, jamani. Si la kanisa, si la mfadhili, wala hakuna aliyenituma. Ni mimi na kalamu yangu!

Nilikuwa mwalimu kwenye mradi wa watoto wa kanisa moja kule mjini Koboko. Tulipokea watoto wa familia maskini, Wakristo kwa Waislamu, na wafadhili wa ng'ambo waliwalipia karo. Kila Jumamosi niliwasimamisha, mkono kifuani, wakasema kwa sauti, "Mimi nina thamani! Mungu ananijua kwa jina!" Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Zainabu, yatima wa miaka tisa aliyelelewa na bibi yake.

Fomu yake ilikaa miezi mingi bila mfadhili. Nikajiambia, watu wa ng'ambo wanalikimbia jina la Kiislamu. Nani aliniambia? Hakuna! Nilijitungia tu. Nikajaza fomu upya: Grace. Mfadhili akapatikana, nami nikajiona mjanja kweli. Zainabu nilimwambia hilo ni jina la makaratasi.

Kisha mfadhili mwenyewe akaja kututembelea, mama mpole, amemletea Zainabu gauni. Akaita, "Grace!" Zainabu akabaki amekaa. Nikamsukuma mgongoni mbele ya wenzake. "Nenda, ni wewe!"

Alilipokea gauni bila hata kutabasamu. Halafu akanigeukia.

"Mwalimu, Mungu iko napenda mimi ama iko napenda Grace?"

Nilimwambia anyamaze! Ee Mungu wangu, mtoto ananiuliza jambo kama hilo, nami namwambia anyamaze, mgeni anasikia.

Kesho yake bibi yake akaja ofisini na lile gauni, amelikunja vizuri. Hakunitukana.

"Jina ya mutoto, baba yake alipatia yeye mbele ya kufa," alisema. "Wewe uliona iko uchafu?"

Akamtoa mtoto kwenye mradi, na karo ikaishia hapo. Kanisa lilipojua nilivyojaza fomu, nilifukuzwa kazi, nikarudi kwetu Aroi kulima mihogo. Nilistahili.

Mwezi uliopita nilimkuta sokoni Koboko, ametandika gunia chini, anauza nyanya. Sasa ana miaka kumi na miwili na shule hana. Nilichuchumaa mbele yake, machozi yananitoka.

"Zainabu mwanangu, nisamehe. Wewe una thamani."

Hakuinua macho.

"Hiyo ulifundisha Grace," akasema. "Nyanya unachukua ama huchukui?"

Ninyi mnaoshika fomu za watoto, nawasihi! Andikeni jina mtoto alilowatajia, hata mkidhani mnamsaidia. Na mkikosea, ombeni radhi siku ile ile, mtoto angali anawasikiliza. Mimi nilingoja miaka mitatu.