Uvivu wa Balozi

Ofisini walimwita Saa Mbili, na si kwa mapenzi. Alikuwa ofisa utumishi wa kampuni ya bima, na kila asubuhi, ilipotimu saa mbili kamili, alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, akiwapokea waliochelewa kwa tabasamu ambalo hakuna aliyelitaka. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake kubwa ilikuwa kuandika barua za onyo. Aliamini kwamba duniani kuna ugonjwa mmoja tu, uvivu, na kwamba mengine yote, kuanzia mafua hadi msiba wa shangazi, ni majina yake ya bandia.

Mtu wa namna hiyo akitaka kufuga, hafugi paka. Paka hulala mchana. Yeye alinunua aksolotli. Muuza samaki wa mapambo alimweleza kwamba ni mnyama wa majini, mwenye umbo la mjusi mnene, na matamvua yaliyochomoza nje ya shingo kama manyoya. Kwamba habaleghi sura, anabaki na uso wa kitoto mpaka kufa. Na kwamba mguu ukimkatika, huotesha mwingine. Hilo la mguu ndilo lililomfungua pochi. "Baada ya muda ana mguu mpya," aliwahadithia wenzake kantini, "na haleti karatasi ya daktari." Alimpa jina la Balozi, kwa sababu ya ule mdomo wake uliokaa kama unatabasamu bila kuahidi kitu.

Akamfungulia daftari. Kila jioni aliandika humo amekula nini, ametembea wapi, na saa ngapi.

Miezi minane daftari halikuwa na doa. Tangi lilikaa kwenye korido, juu ya meza fupi, pale penye ubaridi na kiza karibu na ndoo na mafagio. Balozi alitembea chini ya maji kwa mwendo wa mzee wa mtaa anayekagua mitaro, akameza minyoo yake ya udongo, akalala, akaamka.

Kisha kampuni ikaamua kwamba Jumatatu na Alhamisi wakuu wa vitengo wafanyie kazi nyumbani, wakutane kwa video. Katika kikao cha kwanza mkurugenzi alikuwa na rafu ya vitabu nyuma yake. Mhasibu alikuwa na gitaa asilojua kulipiga. Saa Mbili alikuwa na ukuta wenye alama ya unyevu. Usiku huo hakupata usingizi mzuri, na kesho yake, Jumanne, alilihamishia tangi katika chumba chake cha kazi, nyuma ya kiti, akafunga taa mbili kali juu yake, akaziba dirisha ili makelele ya barabarani yasimharibie sauti. Alhamisi mkurugenzi akasema, "Mnyama wako huyo ni mzuri." Tangu hapo taa hazikuzimwa, kuanzia asubuhi hadi anapokwenda kulala.

Haikupita wiki, Balozi akapunguza mwendo. Baadaye akasimama kabisa. Alikaa pembeni mwa tangi, ncha ya mkia imejikunja kama ndoano, na mnyoo ukimpita puani aliutazama kama mtu anayetazama tangazo la biashara.

Saa Mbili alijua mara moja ni nini. Alishawaona wa aina hiyo wengi.

"Ameshazoea," alimwambia mkewe. "Mwanzoni wote wanachapa kazi. Wakishajua hawafukuzwi, wanaegesha."

Mkewe alikuwa mfamasia, mwanamke wa maneno machache. "Baba Pacha, umempima?"

"Nimpime nini?"

"Chochote. Mimi mtu akija dirishani kwangu akisema hana nguvu, sianzi kumuuliza kama ni mvivu."

"Ndiyo maana dawa zinawaishia," alisema Saa Mbili, akaingia chumbani kwake kuchukua hatua.

Alichukua hatua nyingi. Aligonga kioo kwa pete ya ndoa. Alinunua kasri la plastiki, akidhani ni kuchoshwa na mazingira. Alimbadilishia minyoo mikubwa kwa midogo, kisha midogo kwa mikubwa. Alimwekea rekodi ya hotuba yake mwenyewe juu ya nidhamu kazini, dakika arobaini, akaisikiliza yote na kuipenda. Balozi hakutikisika. Daftarini akaandika: *Hajasogea. Hajala. Onyo la mdomo limetolewa.*

Alimpigia simu muuza samaki. "Huenda ni upweke," alisema yule. "Ninaye mwenzake hapa, nikuletee?"

"Ili niwe na wavivu wawili?" akajibu Saa Mbili, akakata simu.

Nyumbani mle tayari alikuwa na mmoja mwingine aliyemkaa kooni. Mdogo wa mkewe, fundi friji, dari ya chumba chake ilikuwa imeanguka, na akaja kupiga kambi kwao mpaka itengenezwe. Alitoka saa kumi alfajiri kwenda kuhudumia vyumba vya baridi vya mabucha, akarudi saa sita mchana, akajitupa kwenye sofa na viatu vyake vikiwa mkononi. Saa Mbili, ambaye saa kumi alfajiri alikuwa akikoroma, aliijua sehemu ya sofa tu. Alikuwa akipita sebuleni na kusafisha koo kwa nguvu kuliko koo lilivyohitaji.

Alhamisi moja mchana, kikao kikiwa kimekwisha, fundi alibisha hodi kwenye chumba cha kazi.

"Shemeji, naomba chaji ya simu. Yangu imekufa."

Saa Mbili alikuwa ameinama mbele ya tangi akimsemesha mnyama. Fundi aliingia hatua mbili, akasimama. Alitazama zile taa. Akatazama dirisha lililozibwa. Kisha akaweka kiganja juu ya kioo, kama unavyomgusa mtoto paji la uso.

"Hiki chumba kinapumulia wapi?"

"Shemeji, hapa kuna tatizo la tabia. Si la friji."

"Huyu anaishi kwenye maji ya namna gani?"

"Maji ya maji. Unataka ya namna gani?"

Fundi hakubishana. Alitoka, akarudi na kipimajoto chake cha kazini, kile chenye waya mrefu anaouingiza kwenye majokofu, akautumbukiza waya ndani ya tangi. Walisubiri. Namba zilipanda, zikatulia.

"Ishirini na nane," alisema. "Muuzaji alikwambia anatakiwa kuishi kwenye ngapi?"

Saa Mbili alikumbuka karatasi aliyopewa dukani. Aliitoa kwenye droo, ikiwa bado imekunjwa vilevile ilivyokunjwa na muuzaji. Ilisema nyuzi kumi na sita hadi kumi na nane, na chini yake, kwa herufi nene: *Joto humdhoofisha. Epuka jua na taa kali.*

"Maji ya uvuguvugu ni starehe," alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayejaribu tu.

"Kwako wewe unayeoga. Huyu anakaa humo. Shemeji, huyu si mvivu. Anaiva."

"Huna ushahidi kwamba ni joto. Inaweza kuwa mambo mengi."

"Sawa. Alianza lini?"

Hapo ndipo Saa Mbili alipofungua daftari kwa ujasiri, kwa maana kumbukumbu zake hazikuwahi kumwangusha. Alipitisha kidole kwenye kurasa. Ametembea, amekula, ametembea, amekula. Jumanne, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Amehamishiwa ofisini. Taa mbili.* Ijumaa: *Amekula nusu.* Jumapili: *Hajala.* Jumatatu: *Hajasogea.* Kidole kilisimama. Jasho jembamba lilimtoka, na si kwa ajili ya taa peke yake.

Fundi alisoma juu ya bega lake. "Daftari zuri," alisema, wala hakuwa anatania.

Alizima taa, akazibua dirisha hewa ipite, akalishushia pazia zito jua lisiingie, akafunga feni ndogo ipulize juu ya maji. Saa Mbili alikimbilia jikoni, akarudi na sinia zima la barafu, tayari kulimwaga.

"Polepole," fundi alimshika mkono. "Ukimshusha ghafla utammaliza. Chupa moja ya maji yaliyoganda, imefungwa, ielee humo. Ikiyeyuka, nyingine."

Jumatatu asubuhi maji yalikuwa yamefika kumi na tisa. Lakini ilikuwa siku ya kikao, na Saa Mbili, ambaye aibu humkaa siku tatu tu, aliketi kitini, akanyoosha mkono kuwasha taa. "Nusu saa tu," alijisemea. Taa hazikuwaka. Aliangalia juu: balbu hazikuwepo. Mkewe alikuwa amezitia kwenye mkoba, na muda huo alikuwa dukani kwake akihesabu vidonge.

Akafanya kikao gizani kama mateka. Mkurugenzi hakuona chochote nyuma yake, na hakuuliza.

Kikao kilipokwisha alibaki amegeuza kiti. Katika kile kiza Balozi aliinua mguu mmoja, akaufikiria, akauweka mbele. Kisha mwingine. Saa Mbili alichukua mnyoo kwa kibanio, akaushusha. Mdomo ule mpana ulifunguka, mnyoo ukatoweka. Alitazama mlangoni kuona kama kuna mtu, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Pole." Ni neno ambalo hakuwa amewahi kuliandika katika barua yoyote, na lilimtoka kwa taabu, kama jino.

Jioni hiyo tangi lilirudi koridoni. Walilibeba wawili, yeye na fundi, na maji yaliyomwagika yakaloanisha suruali ya Saa Mbili mpaka magotini.

Kufikia Alhamisi alikuwa amepona kabisa, namaanisha Saa Mbili. Aliandika ripoti ya kurasa tatu, akamtumia mkurugenzi, yenye kichwa *Uchunguzi wa Kushuka kwa Utendaji wa Mnyama: Mbinu na Matokeo*. Ilieleza jinsi mwandishi alivyolitilia shaka joto tangu mwanzo, na ilitaja, katika mstari mmoja wa ukurasa wa mwisho, "msaada mdogo wa mtaalamu wa nje."

Kabla ya kuituma alimpa fundi aisome. Fundi aliisoma yote, taratibu, akanywa chai yake hadi chini.

"Hapa umeandika ishirini na sita," alisema. "Ilikuwa ishirini na nane."

Saa Mbili alichukua kalamu, akarekebisha.